Kazi ya Midomo, Meno na Ulimi

Mhunzi ana mivuo, ana nyundo, ana fuawe. Mivuo yaleta upepo, nyundo yapiga, na chuma chapata umbo: jembe, shoka, kisu. Mtu anaponena, kazi ya namna hiyo yafanyika kinywani mwake. Mapafu ndiyo mivuo, kwa maana yaleta pumzi. Ulimi na midomo ni nyundo. Meno, ufizi na kaakaa ni fuawe. Na kitu kinachofuliwa hapo ni neno.

Kila siku mtu husema maneno maelfu, wala hafikiri ulimi wake uko wapi. Mwulize mwenzako: «Ukisema neno kitabu, ulimi wako wagusa wapi kwanza, mbele au nyuma?» Atasema neno hilo mara tatu au nne polepole, ndipo ataweza kujibu. Ulimi wake wajua kazi hiyo tangu utoto. Yeye mwenyewe haijui.

Sauti za Kiswahili ni za aina mbili. Kuna vokali tano: a, e, i, o, u. Vokali zikisemwa, kinywa chakaa wazi na pumzi yapita bila kuzuiwa. Ulimi wapanda au washuka kidogo, midomo yajikunja au yajinyosha, basi. Nyingine zote ni konsonanti. Kwa konsonanti, pumzi yazuiwa mahali fulani njiani. Pengine njia yafungwa kabisa kama mlango, kisha yafunguliwa kwa ghafula. Pengine waachwa ufa mwembamba tu, na pumzi yapita humo kwa mlio. Mtu anayetaka kuijua konsonanti yo yote auliza kwanza: imezuiwa wapi?

Mlango wa mbele kabisa ni midomo. Mtoto na achukue kioo, aseme polepole: pa, ba, ma. Ataona midomo yafunga, kisha yafunguka. Sauti hizi zaonekana kwa macho, tena ni nyepesi kufanya. Ndiyo maana mtoto mchanga huanza nazo. Mbele ya nyumba za Kongo zasikika kila siku: mama, baba, papa. Wengine husema tata, kama katika Lingala na Kikongo. Hiyo ni sauti ya ncha ya ulimi, nayo pia yapatikana mapema.

Lakini ikiwa midomo yafunga namna moja kwa p, b na m, kwa nini sauti ni tatu? Hapa yafaa kutumia mkono.

Weka vidole kooni, pale penye kifundo kinachopanda na kushuka mtu anapomeza. Sema sss, kama nyoka. Koo limetulia. Sasa sema zzz, kama nyuki. Koo latetemeka chini ya vidole. Humo ndani mna kanda mbili ndogo za nyama, nazo huitwa nyuzi za sauti. Zikiachana, pumzi yapita kimya. Zikikaribiana, pumzi yazitikisa, nazo zalia kama uzi wa zeze. Konsonanti nyingi zaenda mbili mbili namna hii, moja ya kimya na moja yenye mlio wa koo: p na b, t na d, k na g, f na v, s na z, ch na j. Mahali pa kinywa ni pale pale. Koo tu ndilo linalozitenganisha.

Jambo hili laonekana dogo, lakini bila hilo maneno mengi yangechanganyikana. Pata si bata. Tamu si damu. Kamba si gamba. Anayevaa nguo si sawa na nguo inayofaa, na chuma cha mhunzi si Juma wa jirani. Watoto wanaonong'ona nyuma ya darasa wajua shida yake, hata kama hawajui sababu. Mtu akinong'ona, nyuzi za sauti hazilii. Kwa hiyo akinong'ona «bata», mwenzake aweza kusikia «pata», akamwuliza: «Nipate nini?» Ndipo mwalimu ageuka.

Sauti m ina njia yake nyingine. Midomo imefungwa, lakini pumzi yatoka puani. Nyuma ya kaakaa pana kipande cha nyama laini, na mwisho wake waning'inia kile kinachoitwa kilimi. Kipande hiki ni kama pazia. Kikipanda, njia ya pua yafungwa na pumzi yote yatoka kinywani. Kikishuka, pumzi yapita puani. Mtoto na abane pua yake kwa vidole, halafu aseme «mama». Neno latoka kama «baba». Na mtoto mwenye mafua makali aombaye «nanasi» asikika kama asema «dadasi». Midomo na ulimi wake vimefanya kazi sawasawa; ni pua tu iliyoziba.

Nyuma ya mlango wa midomo pana meno. Sema fa, va. Mdomo wa chini wagusa meno ya juu, na pumzi yapenya katikati. Mtoto wa miaka 6 au 7, meno yake ya mbele yakiwa yameng'oka, husema f na s kwa shida, na pengine s yake yatoka kama filimbi. Mzee aliyepoteza meno ana taabu ile ile. Mtoto ataponyeka mwenyewe meno mapya yatakapoota.

Tena ufizi. Nyuma ya meno ya juu pana ukingo mgumu wa ufizi. Ncha ya ulimi yaweza kuupapasa. Hapo ndipo panapofanyika kazi nyingi kuliko po pote kinywani. T na d: ulimi wafunga njia, kisha waiachia. N: ulimi wafunga, pumzi yapita puani. S na z: ulimi waacha mfereji mwembamba, na pumzi yapiga mbinja juu ya meno. Na hapo hapo wakaa ndugu wawili wanaowasumbua wanafunzi kuliko sauti nyingine zote: l na r.

Kwa l, ncha ya ulimi yashika ufizi na kutulia, na pumzi yapita kando, kushoto na kuume, kama maji ya mto yanavyopita kando ya jiwe. Mtu aweza kusema lllll muda mrefu mpaka pumzi imwishie. Kwa r, ncha ya ulimi yapiga ufizi upesi na kuuacha, mara moja, au mara nyingi mfululizo. Tofauti ni hiyo tu: kushika na kupiga. Lakini kalamu ni ya kuandikia, na karamu ni ya arusi. Kula ni kazi ya tumbo, kura ni kazi ya raia siku ya kuchagua wakubwa. Mjumbe akifika kwa baba ya kijana na kusema kwamba wazazi wa msichana wangoja «mahali», wazee watauliza: mahali gani? Kumbe walikuwa wakingoja mahari.

Sababu ya kuchanganya si uvivu, wala ulimi mzito. Sababu ni lugha ya nyumbani. Kiluba cha Katanga kina l, hakina r. Kibemba vile vile. Kinyarwanda na Kirundi hutumia r, na l ni adimu sana. Mtoto aliyekua katika lugha yenye moja tu hakuwahi kuhitaji kuzitenganisha. Kwa sikio lake ni sauti moja inayosemwa mara hivi, mara vile.

Wataalamu wamelipima jambo hili kwa watoto wachanga wa Japani, kwa maana hata Kijapani hakitenganishi l na r. Wakaona kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 asikia tofauti kati ya sauti hizo mbili kama watoto wa nchi nyingine. Akifika miezi 10 hadi 12, aanza kuipoteza. Hajasema neno hata moja, na tayari sikio lake limechagua sauti za nyumbani na kuziacha nyingine. Basi mwanafunzi wa darasa la tatu aliyeandika katika dikte «wazee walikula kalamu» asichekwe na wenzake. Anajifunza upya kitu ambacho sikio lake lilikiacha kabla hajajua kutembea.

Tena kuna dawa. Mwenye kushindwa na r aseme d-d-d-d upesi sana, kwa ulimi mwepesi, bila kukaza: ada, ada, ada. Baada ya muda ile d yapoteza uzito wake na yageuka r: ara, ara. Mwenye kushindwa na l ashike ufizi kwa ncha ya ulimi, anyamaze kidogo, kisha aseme la bila kuachia haraka. Kazi hii haimalizi siku moja. Dakika chache kila asubuhi zafaa kuliko saa nzima siku moja kwa juma.

Nyuma kidogo ya ufizi, kaakaa laanza kupanda kama paa la nyumba. Hapo ulimi wainua mgongo wake kwa sh, ch, j, ny na y. Mtoto na aseme s, kisha sh, kisha s tena, bila kukata pumzi. Atasikia ulimi ukirudi nyuma na kwenda mbele, umbali mdogo kuliko upana wa kidole. Umbali huo watenganisha suka na shuka, soka na shoka.

Zamani umbali huo uliwaua watu. Habari yake yasomwa katika Biblia, katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi, wakiongozwa na Yefta, walipigana na watu wa Efraimu, wakawashinda. Waefraimu walikimbia kurudi kwao, lakini iliwapasa kuvuka mto Yordani, na Wagileadi walikuwa wamekwisha kuvishika vivuko. Kila mtu aliyetaka kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, aliambiwa aseme neno moja: shiboleti. Ni neno la Kiebrania lenye maana ya suke la nafaka. Waefraimu hawakujua kuisema sh ya neno hilo kama Wagileadi, walisema siboleti. Mtu aliyesema hivyo alikamatwa na kuuawa pale pale penye kivuko. Kitabu chasema kwamba siku zile walianguka Waefraimu 42,000. Walikuwa watu wa taifa moja na wale waliowaua, wazao wa baba mmoja, na ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja.

Tuseme sasa juu ya nyuma ya kinywa. Kwa k na g, shina la ulimi lapanda na kugusa kaakaa laini. Sema ka, ga mbele ya kioo: hakuna kinachoonekana, midomo yakaa wazi na kazi yote imefichwa. Hapo hapo yafanyika ng' ya ng'ombe, pumzi ikitoka puani. Mtu asiyeisema vizuri hii ya mwisho na arefushe sauti ya mwisho ya kengele inapokwisha kugongwa, nnng', kisha aongeze o: ng'o, ng'ombe. Asitie g. Ngoma ina g yake yasikika wazi, ng'ombe hana.

Mwisho ni h, inayotoka kooni kabisa, pumzi tupu. Ni sauti dhaifu. Watu wengi wa Kongo huiacha, wakasema «abari» badala ya «habari». Kuandika ni lazima iandikwe.

Waswahili wa pwani, Unguja na Mombasa, wana sauti nyingine zilizotoka katika Kiarabu. Kwa th na dh, ncha ya ulimi yakaa kati ya meno ya juu na ya chini: thelathini, dhahabu. Kwa gh, shina la ulimi lakaribia kaakaa laini bila kulifunga: lugha, ghali. Katika Kongo wengi husema selasini, zahabu, luga, gali, kwa kuwa lugha za nyumbani hazina sauti zile. Na mwanafunzi anayeanza Kifaransa hukuta r ya namna nyingine kabisa. R ya Paris haifanyiki kwa ncha ya ulimi. Ncha yalala nyuma ya meno ya chini, na mlio watoka nyuma kabisa, karibu na kilimi, kama mtu anayesukutua koo kwa maji. Anayeipiga r ya Kifaransa kwa ncha ya ulimi aeleweka vizuri tu. Hata katika Ufaransa wako watu wa mashambani waliosema hivyo siku zote.

Mwanafunzi aweza kuuliza: habari hizi zafaa nini kwa sarufi? Zafaa sana, kwa kuwa sarufi nyingine ilizaliwa kinywani. Tazama majina haya. Ubao mmoja, mbao nyingi. Ubavu mmoja, mbavu nyingi. Udevu mmoja, ndevu nyingi. Ulimi mmoja, ndimi nyingi. Mbona mara m, mara nd, na l ya ulimi imekwenda wapi?

Wingi wa majina haya ulikuwa na sauti ya pua mbele yake. Sauti ya pua ni mvivu: haipendi kufanyika mahali pake na kumwacha ulimi aruke mahali pengine. Yaingoja konsonanti inayofuata, na kufanyika pale pale. Ikifuatwa na b, ambayo ni ya midomo, yafanyika midomoni, na yasikika m: mbao, mbavu, mbuzi, mbegu. Ikifuatwa na d, yafanyika ufizini, na yasikika n: ndevu, ndizi, ndugu. Ikifuatwa na g, yafanyika nyuma, penye g yenyewe: ngoma, nguo, ngazi. Mtu na ajaribu kusema «nbuzi» kwa upesi, ataona jinsi kinywa kinavyokataa na kujirekebisha chenyewe.

Sasa ndimi. Kwa n, ncha ya ulimi imekwisha kufunga njia ufizini. Ikitaka kufuata l, iliyo ya mahali pale pale, pazia la pua lapanda wakati mlango ungali umefungwa. Mlango ukifunguliwa, kinachotoka ni d. Basi n na l zikikutana, hutoka nd. R yafanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu mti ni mrefu, lakini njia ni ndefu, na hakuna asemaye «njia nrefu».

Na kwa nini nyumba ni mbaya, ndogo, ngeni, nzuri, lakini nyumba ni kubwa, fupi, tupu, bila sauti ya pua mbele? Weka tena vidole kooni. B, d, g na z zina mlio wa koo, na sauti ya pua ina mlio vile vile, zaandamana vizuri. K, f, t, p na ch ni za kimya. Mbele ya hizo sauti ya pua ilipotea katika Kiswahili: nyumba kubwa, siku chache, ndizi tamu. Ndiyo sababu vile vile kwamba ukuta una wingi kuta na ufunguo una wingi funguo. Neno -pya limeikataa njia hiyo, kwa kuwa ni fupi mno na lahitaji msaada: nyumba mpya. Mwanafunzi aliyeshika jambo hili la koo hana haja ya kukariri orodha ndefu. Aulize koo lake.

Mtu asiyesikia hujifunzaje kazi hii yote? Helen Keller alizaliwa Marekani mwaka 1880. Kabla hajatimiza miaka miwili ugonjwa ulimwondolea macho na masikio pamoja. Alipokuwa na miaka 9, mwaka 1890, alipelekwa kwa mwalimu aliyeitwa Sarah Fuller. Mwalimu huyo alimwekea mkono usoni pake mwenyewe, akamwacha apapase midomo na ulimi wakati wa kusema. Katika saa moja mtoto alijifunza sauti sita: m, p, a, s, t, i. Alifundishwa masomo 11 tu, na kazi iliyobaki akaifanya kwa miaka mingi pamoja na mwalimu wake wa siku zote, Anne Sullivan. Alipotaka kujua watu wanasema nini, aliweka kidole gumba kooni pa msemaji, kidole kingine midomoni, na kingine penye pua. Vidole vitatu hivyo vyatosha kutambua mambo yaliyoelezwa hapo juu: koo lalia au limenyamaza, midomo yafanya nini, pumzi yapita puani au hapana. Helen Keller alikuja kuhutubia watu katika nchi nyingi, ingawa sauti yake haikuwa wazi sana kwa wasiomzoea.

Watoto viziwi wenye macho husoma midomo ya watu. Lakini midomo haisemi yote. Papa, baba na mama huonekana sawasawa kabisa, na k na g hazionekani hata kidogo. Kwa hiyo viziwi wengi hupendelea lugha ya ishara ya mikono, ambayo haifichi kitu. Anayezungumza na kiziwi asimgeuzie uso, asifunike kinywa kwa mkono, wala asipige kelele; kelele huharibu umbo la midomo.

Wako pia watoto wanaozaliwa na kaakaa lililopasuka, pengine na mdomo wa juu pamoja. Mtu akikumbuka habari ya pazia la pua, ataelewa mara moja taabu yao. Pumzi haikai kinywani, yatorokea puani. P, b, t, d, k hazipati nguvu ya kupasuka, na maneno yote yasikika kama yapita puani. Hata kunyonya ni shida. Huo si uchawi, wala si adhabu ya mtu ye yote: ni mifupa na nyama za uso ambazo hazikuungana wakati mtoto alipokuwa tumboni, katika miezi mitatu ya kwanza. Waganga wa hospitali hulishona kaakaa, na hupenda kufanya hivyo mapema, kabla mtoto hajaanza kusema sana, ili ulimi usizoee njia mbaya. Mtoto mkubwa naye hushonwa. Baada ya kushonwa huhitaji kufundishwa sauti moja moja, kama vile Helen Keller alivyofundishwa.

Watu waliochunguza kinywa kwa akili si wa leo tu. Katika Bara la Hindi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wataalamu wa Kisanskriti walipanga herufi zao kwa kufuata njia ya pumzi. Orodha yao ya konsonanti haianzi kwa b, c, d. Yaanza nyuma penye k na g, yaja mbele penye kaakaa na meno, na yaishia midomoni penye p, b, m. Mtoto wa India akijifunza alfabeti yake hata leo, ulimi wake watembea kutoka kooni mpaka midomoni.

Mfalme Sejong wa Korea alifanya zaidi. Siku zile Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo ni maelfu, na watu wadogo wa mashamba hawakuweza kuzijifunza. Mwaka 1443 mfalme alimaliza kutunga herufi mpya 28, na mwaka 1446 akazitangaza. Herufi za konsonanti zilichorwa kwa kufuata viungo vya kinywa. Alama ya m ni mraba, mfano wa kinywa. Alama ya n ni mfano wa ulimi ulioinua ncha yake. Alama ya k ni mfano wa shina la ulimi linaloziba koo. Alama ya s yafanana na jino. Wakubwa wengine wa nchi walizidharau herufi hizo kwa muda mrefu, kwa kuwa zilikuwa rahisi mno. Leo Korea nzima yaandika kwa herufi 24 zilizobaki.

Kongo nayo ina sauti ambazo wengi hawazijui. Jina la mji wa Gbadolite, kaskazini mwa nchi, laanza kwa gb. Hiyo si g ikifuatwa na b. Shina la ulimi lafunga nyuma na midomo yafunga mbele kwa wakati mmoja, na milango yote miwili yafunguliwa pamoja. Wangbandi husema hivyo bila taabu, hata katika jina lao wenyewe. Mtu wa Lubumbashi husema «Badolite» na kuendelea na safari yake. Wamangbetu, upande wa Isiro, wana konsonanti inayofanywa kwa kutikisa midomo miwili, kama mtoto anayeiga mlio wa motokari. Na Wamono wa Ubangi wana sauti ambayo mdomo wa chini warudishwa nyuma ya meno ya juu, kisha warushwa mbele ukiyagonga meno njiani. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa sauti za lugha, kilichoanzishwa na walimu huko Paris mwaka 1886, kina alama kwa kila sauti inayojulikana katika lugha za watu. Sauti hii ya Wamono na ya majirani wao wa Afrika ya Kati haikuwa na alama hata mwaka 2005. Mwaka huo ndipo chama kilipoipa yake: herufi v yenye ndoana juu ya mkono wa kuume.